Nazi 18 kwa siku: kisa cha mkono uliokuwa ukilia

Alikuja chungu cha kumi na mbili, yaani siku ya kumi na mbili ya mfungo wa Ramadhani, saa nne asubuhi, mkono wa kulia ameuzungushia kanga kuukuu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", na kabla sijauliza lolote akauweka mkono juu ya meza yangu kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani. "Huu mkono unalia," akasema. Nilidhani ni mafumbo, maana nipo Tanga na watu hapa hawaishiwi mafumbo. Iliniponza dhana hiyo, kama utakavyoona.

Ni mama wa miaka 46, mpishi. Miezi mingine huuza wali wa nazi na maharage kwa mafundi wa gereji. Ramadhani ikiingia hufunga biashara ya mchana na kupika futari ya oda: mihogo ya nazi, mbaazi za nazi, tambi, chapati. Mwaka huo alipata oda moja kubwa ya kufuturisha watu, juu ya wateja wake wa siku zote. (Nimebadilisha mambo madogo madogo asije akatambulika, ingawa mwenyewe aliniambia niandike tu.)

Maumivu yalianza chungu cha tano, jioni, akidhani ni uchovu. Chungu cha saba akashindwa kuinua sufuria kwa mkono mmoja. Jirani akamwambia mshipa umeruka, akaitwa mama mmoja wa kuchua. Akachuliwa siku mbili kwa mafuta ya nyonyo, akilia machozi, na asubuhi ya tatu mkono ukaamka umevimba. Duka la dawa wakampa diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kumeza. Akaimeza daku, tumbo likamuwaka mchana kutwa. Kisha akapiga eksirei. Mifupa ilikuwa safi kabisa, na fedha ya oda ya siku moja ikawa imekwenda.

Hapo kwenye mshipa niseme kidogo, maana ndilo neno linalotutesa sisi wa fiziotherapia. Mshipa kwa Kiswahili cha mtaani ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano, na ukienda mbali zaidi ni ngiri. Mgonjwa akisema "mshipa", anasema kweli, ila hajakwambia upi. Kano ni ule uzi mgumu mweupe unaounganisha msuli na mfupa, na hauruki kama watu wanavyodhani. Lakini husuguliwa, na ukisuguliwa sana huvimba, na uvimbe uliochuliwa kwa nguvu huvimba maradufu.

Nilivyokosea

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa na watu tisa kwenye benchi nje. Alisema kinauma kifundo cha mkono upande wa gumba. Nikamwambia alaze gumba ndani ya kiganja, afunge ngumi juu yake, kisha nikaipinda ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Akakunja uso. Nikaandika ugonjwa wa De Quervain, yaani uvimbe wa kano za gumba pale zinapopita kwenye mfereji wao pembeni mwa kifundo. Umepewa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895, na huwapata sana akina mama wanaonyonyesha kwa namna wanavyombeba mtoto. Nikampa splinti, kifaa kigumu cha kuzuia kifundo na gumba visicheze, nikamwambia apumzishe mkono, nikamwita anayefuata.

"Pumzisha mkono." Kumwambia hivyo mpishi wa futari katikati ya mfungo ni sawa na kumwambia mvuvi asiloe.

Alirudi baada ya siku nne. Splinti ilikuwa ndani ya mkoba, ina alama ya unga. "Nikivaa siwezi kukuna nazi, mwanangu, na nisipokuna watu hawafuturu." Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilimwomba anionyeshe kwa ncha ya kidole kimoja panapouma. Hakugusa kifundo. Aligusa mgongo wa kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, vidole vitatu hivi juu ya kifundo, mahali ambapo palikuwa pametuna kidogo kama ganda la ukwaju chini ya ngozi.

Nikaweka vidole vyangu viwili pale na kumwambia afanye kama anakuna. Akazungusha mkono hewani. Chini ya vidole vyangu kukasuguka kitu, kavu, kwa mkwaruzo wa kukatikakatika, vile unavyosikia ukibinya mfuko wa unga wa muhogo. Niliinamisha sikio na kweli ulisikika. Mkono ulikuwa unalia. Alinieleza ugonjwa wake kwa neno moja siku ya kwanza, nikalifanya fumbo.

Misuli inakokaa

Weka mkono wako wa kushoto juu ya kigasha cha kulia, chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole vya kulia kama anayepiga kinanda. Utausikia msuli ukicheza huko juu, mbali kabisa na vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli wa kuvikunja wala kuvinyoosha. Kiganja kina misuli midogo midogo ya kazi za ufundi, lakini nguvu ya kushika, kubana na kukamua hutoka kwenye kigasha, na hufika vidoleni kwa kano ndefu, kama kamba zinavyovuta tanga kutoka mbali.

Kigasha kina misuli 20. Minane iko upande wa ndani, ule unaoonekana ukigeuza kiganja juu, na kazi yake kubwa ni kukunja kifundo na vidole na kukigeuza kiganja chini. Kumi na miwili iko upande wa nje na wa nyuma, nayo hunyanyua kifundo, hunyoosha vidole, huvuta gumba pembeni. Mingi ya upande wa ndani huanzia kwenye nundu ya mfupa iliyochomoza kwenye kiwiko kuelekea ubavuni. Mingi ya nyuma huanzia ile ya nje. Ndiyo maana mtu anayeshika nyundo siku nzima anaweza kuumwa kiwiko ilhali kiwiko hakijafanya kazi yoyote ya kusimulia.

Watu wengi hudhani kushika ni kazi ya misuli ya kukunja peke yake. Jaribu hivi: kunja kifundo chako chote kuelekea ndani, kisha funga ngumi kwa nguvu. Inakuwa legelege, haifungi vizuri. Sasa nyanyua kifundo kidogo kwenda nyuma na ufunge tena. Tofauti utaiona mwenyewe. Kano za kukunja vidole zinapovuta, huvuta na kifundo pia, kwa hiyo misuli ya nyuma lazima ikaze muda wote kukizuia kisianguke. Kila ukishika kitu kwa nguvu, mgongo wa kigasha unafanya kazi kimyakimya. Mama yetu hakujua hilo, na akina mama wachache wanaokuna nazi wanalijua, maana kinachoonekana kufanya kazi ni kiganja.

Kano za nyuma zikifika kwenye kifundo hupita ndani ya mifereji sita iliyofunikwa na ukanda mgumu. Bila ukanda huo kano zingeinuka kama uzi wa upinde kila unaponyanyua mkono. Mfereji wa kwanza, upande wa gumba, unabeba kano mbili: ya msuli mrefu unaolitanua gumba na ya msuli mfupi unaolinyoosha. Hapo ndipo pa De Quervain. Mfereji wa pili unabeba kano mbili nene za kunyanyua kifundo. Mambo yangekuwa mepesi kama hizi jozi mbili zingeshuka sambamba, lakini hazifanyi hivyo. Misuli ya gumba huanzia chini zaidi, katikati ya kigasha, kwenye mifupa na utando ulio kati yake, kisha hukata mshazari na kupita juu ya kano za kifundo kabla ya kufika kwenye mfereji wake. Palipo na makutano hayo ni sentimita 4 hadi 8 juu ya kifundo. Vidole vitatu.

Pale mama alipogusa.

Ugonjwa wenyewe madaktari huupa jina la hayo makutano. Velpeau, daktari Mfaransa, alishauandika tangu mwaka 1841. Huwapata wapiga makasia, wanyanyua vyuma, wanaofanya kazi ya kuchota na kuburuta. Misuli ya juu ikifanya kazi kupita kiasi hutuna, kano za chini zinakaza na kulegea bila kupumzika, na zote mbili zinasuguana hadi ute wa kulainisha hautoshi. Ndiyo ile sauti.

Na ule mtihani wangu wa ngumi? Huvuta kano zilezile za gumba, kwa hiyo humuuma hata mwenye ugonjwa wa makutano, ila maumivu yake hukaa juu zaidi. Niliona uso ukikunjamana, sikuuliza ni wapi.

Jikoni

Jioni ile nilimwomba nipite kwake nione anavyofanya kazi. Nilifika saa kumi, moto umeshawashwa, mpwa wake anamenya mihogo.

Kwa wasomaji wa bara: mbuzi ya kukunia nazi ina miguu minne lakini haili majani. Ni kigoda cha kukunja chenye chuma kilichochomoza mbele, na ncha ya chuma hicho ina meno. Unakaa juu yake, unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili, unaikwangua kwenye meno, nyama inadondoka kwenye sinia.

Nilimwomba akune nusu moja nikihesabu. Misukumo 140, na bado kulikuwa na nyama imebaki pembeni. Nusu mbili ni 280. Miezi ya kawaida anakuna nazi 6 kwa siku, misukumo kama 1,700. Ramadhani ile alifika nazi 18. Hiyo ni zaidi ya 5,000 kila jioni, na hakupanda kidogokidogo. Alitoka 6 kuingia 18 ndani ya siku tatu. Msuli huzoea kazi, tena upesi, lakini kano haina damu nyingi kama msuli na huzoea kwa mwendo wa kobe. Hata mwanariadha hapandishi mazoezi yake mara tatu kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Nikapitisha kidole kwenye meno ya mbuzi. Butu. Mengine yalikuwa yamelala kabisa. Alikuwa haikuni nazi, anaisugua, na kila msukumo unadai nguvu ambayo meno makali yasingeidai. Nikamtazama tena mkono: gumba la kulia limenyooka, limesimama mgongoni mwa kifuu, linasukuma peke yake kama mtu mmoja anayesukuma gari bovu huku wenzake wamekaa ndani. Na kifundo kilikuwa kinapinda hadi mwisho, mbele na nyuma, bega limetulia tuli.

Baada ya kukuna kulikuwa na kukamua. Anatumia kifumbu, kile kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui, na kifumbu hukisokota. Kusokota ni kazi ya misuli ileile, ikiwa imeshachoka.

Nikauliza kama kuna tupa. Mpwa wake akaileta kutoka kwa fundi baiskeli wa jirani. Tulikaa dakika 20 tukinoa jino moja baada ya jingine, mama akicheka kwamba ameenda kwa daktari akapewa fundi chuma. Akakuna nusu nyingine. Nilihesabu 90. Kwa nazi 18 hiyo ni misukumo 1,800 iliyofutwa kwa tupa ya kuazima, na hakuna dawa niliyowahi kuandika iliyofanya hesabu kama hiyo.

Tulivyotibu

Kuacha kabisa hakukuwezekana, kwa hiyo tuligawa. Nazi 10 zikaenda sokoni kwenye mashine. Alipinga kwa nguvu: ya mashine inaingia vipande vya kifuu, tui lake linakuwa la rangi, watu wataonja tofauti. Tukakubaliana nazi ya mashine iingie kwenye mbaazi na mihogo, ambako hakuna atakayebaini, na tui la tambi litoke kwenye mbuzi. Nazi 8 zilizobaki, 6 akune mpwa na 2 yeye mwenyewe, kwa sababu alisema jikoni kwake hawezi kukaa kama mgeni. Kukamua kote kwa mpwa.

Namna ya kushika tukaibadilisha. Gumba lilale pamoja na vidole kukizunguka kifuu, lisisimame peke yake. Kifundo kibaki kimenyooka au kimeinuka kidogo, na msukumo utoke kwenye kiwiko na bega. Siku mbili za kwanza alilalamika kwamba anakuna kama mtoto anayejifunza.

Splinti aliivaa usiku na saa zote asizopika, akiivua kwa udhu. Wiki mbili. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10, baada ya tarawehe. Diklofenaki ya kumeza tuliisimamisha kwa sababu ya lile tumbo, akapaka ile ya jeli, usiku tu asiwe na shaka ya saumu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo asizizoee dawa hizi za kumeza kwa kununua tu dirishani. Sindano ya steroidi ipo kwa wasiopata nafuu, na upasuaji kwa wachache sana, hatukufika huko. Na nilimkataza kuchuliwa pale palipotuna. Alikubali shingo upande, maana yule mama wa kuchua ni rafiki yake.

Mkwaruzo ulinyamaza siku ya tisa. Maumivu yalichukua karibu wiki tatu, na katikati yake Idi ikaingia, oda zikakatika. Sijidanganyi, Idi ilikuwa sehemu ya dozi.

Mazoezi tuliyaanza baada ya hapo, si kabla. Watu hukimbilia mazoezi wakati kano bado inawaka, kisha wanasema mazoezi hayafai. Alilaza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, mkono ukining'inia nje ya ukingo, ameshika chupa ya maji ya nusu lita. Ananyanyua kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, kisha anashusha mwenyewe taratibu, akihesabu hadi tatu. Mara 10, anapumzika, anarudia hadi mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kwa gumba alivisha rababendi kuzunguka vidole vyote na kuvitanua. Wiki ya nne akafika chupa ya lita moja. Kipimo nilichompa ni cha asubuhi inayofuata: mkono ukiamka na maumivu kuliko jana, umezidisha, punguza, ukiamka kama jana, endelea.

Kabla hujamfananisha na wewe

Si kila mkono unaouma upande huo ni wa mama huyu. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, inayokuamsha usiku ukakung'uta mkono, ni neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa kwenye njia nyembamba upande wa kiganja, ambamo neva hiyo inapita pamoja na kano 9. Matibabu yake ni mengine. Umeanguka ukakinga kwa kiganja, na panauma kwenye kile kishimo chini ya gumba? Usikubali eksirei moja ikutoe wasiwasi, maana ufa wa mfupa mdogo uliopo hapo huweza usionekane siku za mwanzo. Mikono yote miwili imevimba viungo na asubuhi inachukua zaidi ya saa nzima kulegea, hiyo fikiria baridi yabisi na umuone daktari. Na kidole au kifundo kilichovimba kikawa chekundu, cha moto, ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kesho, usichue.

Baada yake niliwaona wengine wawili wa aina ileile ndani ya mwaka. Mmoja fundi rangi aliyepewa nyumba nzima kuisugua msasa peke yake, wa pili kijana wa mazoezi ya vyuma aliyeongeza uzito wiki mbili kabla ya harusi yake. Wote nilianza kwa kuwaambia nionyeshe kwa kidole kimoja.

Mama alipiga simu mwaka uliofuata, katikati ya Shaabani, akauliza aanze lini. Nikamwambia aanze sasa, apandishe nazi moja kila baada ya siku mbili tatu, mkono usikutane na mfungo ghafla. Akaniambia meno ya mbuzi ameshanoa, na tupa amenunua yake.

Chungu cha pili nikampigia mimi, saa kumi na mbili jioni. Nazi ngapi leo? Kumi na nne, akasema, tisa za mashine, nne za mpwa, yangu moja. Na mkono? Kimya kidogo, nikasikia sufuria likigongana na kingine, kisha: "Mkono haujasema kitu. Niache mwanangu, adhana hiyo."